Ukwaju Kwenye Vichwa vya Wafalme

Katika nyumba ya Ummukulthum, pale Kikwajuni, chombo cha shaba hakikupata hata siku moja kukaa na weusi. Masinia mawili aliyoachiwa na mama yake, birika lenye mdomo mwembamba kama shingo ya bata, mrashi wa marashi, chetezo cha udi: Idi ikikaribia vyote vilishushwa kabatini, vikapangwa uwani juu ya gunia, naye akakaa kwenye kigoda akavisugua mpaka ukiinama juu yake unajihesabu meno. Dawa yake ilikuwa ya mama yake na ya bibi yake: ukwaju ulioroweka, majivu yaliyochungwa, chumvi kiganja kimoja, na kumbi la nazi la kusugulia. Majirani walikuwa wakimletea na vya kwao. Mikono ya Ummukulthum haikujua kutulia, na wakati wa mfungo ndiyo ilizidi.

Mwaka huu, siku tatu kabla ya Idi, pembeni ya masinia palikuwa na kopo la maziwa ya watoto, limeliwa na kutu mdomoni, mfuniko umefungwa kwa utambaa. Kopo hilo lilikuwa la baba yake.

Mzee Ubwa Ame alikuwa na miaka themanini na sita, macho yamekwisha, analala chumba cha mbele ili asikie wapita njia. Zamani alikuwa mchimba visima kwao, upande wa Mkokotoni. Siku moja, Ummukulthum akiwa bado ananyonya, Mzee Ubwa alikuwa chini ya kisima, kimo cha watu watatu, jembe likalia kitu. Akachambua udongo kwa vidole, akatoka na sarafu kumi za kijani, ndogo, zimelika, mbili zimegandana kama mkate na mkate. Alizikung'uta akaona kichwa cha mtu. Mtu mwenye taji, alisema. Kijiji kizima kilicheka. Wengine walisema kazinunua kwa baharia, wengine kazichukua dukani kwa watu, kisimani mtu huokota vyura tu. Wakamwita Ubwa Vichwa. Jina lilimganda hata akahamia mjini kulikimbia, na miaka yote hiyo hakuacha kulifungua kopo lake kila siku baada ya alasiri, akizipitisha sarafu chini ya kidole gumba, moja moja, kama mtu anayevuta tasbihi.

Juma lililopita alisikia redioni kuna bibi wa makumbusho anaomba watu wenye vitu vya kale waviletee vikatazamwe, havinunuliwi, vinatazamwa tu. Mzee Ubwa alimwita bintiye.

"Ummu!"

"Naam, baba."

"Nipelekee vichwa vyangu. Nataka mtu aliyesoma aseme vimetoka ardhini. Nikisikia hilo tu, basi. Na uzipeleke kama zilivyo. Usizitie mkono."

Kama zilivyo! Neno lile lilimkaa Ummukulthum kooni kama mwiba wa changu. Mtu atatokaje nyumbani kwake na uchafu akauweke juu ya meza ya watu? Watasema Mzee Ubwa ana binti gani? Na huyo msomi atakionaje kichwa chini ya ukoga wote ule wa kijani? Basi masinia yalipokwisha, na dawa imebaki bakulini, na mikono bado inawasha kazi, alifungua utambaa.

Alianza na moja. Ukoga ulitoka mzito, kijani, ukatiririka kwenye majivu kama maji ya mchicha. Chini yake shaba ikachomoza, nyekundunyekundu, changa. Akafurahi kama mtoto. Akasugua ya pili na ya tatu, akasugua zote nane. Zile mbili zilizogandana hazikukubali kuachana, akajaribu kwa kisu, akaogopa, akajiambia ataziroweka. Asubuhi yake kabla ya kutoka akazitumbukiza kwenye bakuli la ukwaju mpya, jikoni, juu ya rafu. Zikilainika zitaachana zenyewe, alisema.

*

Chumba cha Shadya, yule bibi wa redioni, kilikuwa ghorofani, nyuma ya jumba la makumbusho, Mji Mkongwe, dirisha lake linatazama paa za mabati. Mwenyewe alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, mtandio wa kijivu, kwenye meza ana taa ya shingo ndefu, lenzi, na mizani ndogo kama ya sonara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea vichwa vya baba yangu, alivitoa kisimani." Ummukulthum akavimimina kwenye kitambaa cheusi, vinane, vinameta, akangoja kusifiwa.

Shadya alivuta kiti karibu. Alichukua moja kwa kibanio, akailaza, akaishusha taa mpaka mwanga ukaja kwa ubavuni. Akaiweka. Akachukua nyingine. Nje muuza samaki alikuwa anapiga kengele. Ummukulthum alianza kujikuna kiganja.

"Bibi, nani kazisafisha hizi?"

Ilikuwa sauti ya upole, na ndiyo iliyomtisha. Yule msichana alikuwa amekaa kama mtu aliyeambiwa msiba na bado hajalia.

"Mimi nimezikuta hivyo hivyo," alisema Ummukulthum. Na saumu mdomoni! Neno lilikwisha toka, na halikuwa na njia ya kurudi.

"Masikini," alisema Shadya. "Basi aliyezisafisha hakujua. Tazama, bibi. Hii ni shaba ya Warumi, kwa ukubwa na uzito wake nakaribia kuapa. Lakini shaba ikikaa ardhini miaka mingi, ngozi yake ya juu inageuka ile kijani. Sura ya mtu, herufi za jina lake, vyote vinahamia kwenye ile kijani. Ukiitoa, unabandua uso. Hapa palikuwa na jina. Sasa ni kama sabuni iliyotumika."

"Kwa hiyo hazisomeki?"

"Kichwa nakiona, ni cha nani sijui. Na kuna kubwa zaidi. Baba yako anasema zimetoka ardhini, si ndiyo? Udongo unaganda ndani ya ile kijani, huo ndio shahidi. Hapa shahidi hayupo. Mtu akiniambia zimenunuliwa mnadani Ulaya mwaka jana, sina la kumjibu." Aliinusa moja. "Kitu kikali kimepita hapa. Ndimu, siki, ukwaju. Vinakula. Hakuna hata moja ambayo haijaguswa?"

Ukwaju. Ummukulthum aliliona bakuli. Aliliona juu ya rafu, limefunikwa kisahani cha maua, na ndani yake zile mbili, tangu saa moja asubuhi, na sasa saa tano imekaribia.

"Ipo," alisema, ameshasimama, anazikomba zile nane kuzirudisha koponi mpaka moja ikaanguka ikaviringika chini ya kabati, Shadya akainama kuiokota. "Zipo mbili. Nnazileta. Nnazileta sasa hivi."

"Pole pole, bibi, hazikimbii!"

Hujui wewe, aliwaza Ummukulthum, anashuka ngazi kwa ubavu kwa sababu ya goti lake. Akatokea Mkunazini, watu wamejaa na mifuko ya Idi, viatu vya watoto vimening'inizwa mpaka usoni. "Samahani, wanangu, samahani." Mmoja akamwambia, "Bibi, Idi bado, unakimbilia wapi?" Akakata Mnazi Mmoja juani bila kufungua mwavuli alioushika mkononi. Kila hatua aliuona ukwaju unakula, unakula, kimya kimya, kama mchwa.

Rukaiya, mke wa mwanawe, alikuwa jikoni anakuna nazi ya futari.

"Bakuli liko wapi?"

"Bakuli gani, mama? Mbona unatweta hivyo? Hebu kaa."

"La ukwaju, Rukaiya! La ukwaju!"

Rukaiya akaweka mbuzi ya nazi pembeni. "Aa, ni wewe? Skwambii nilivyoshtuka. Nimekwenda kuchukua ukwaju wa juisi, natia mkono, nashika dude la kijani, baridi kama chura. Nikasema hapa tushafanyiwa. Nimesoma Ayatul Kursiy mara tatu, nikalitoa kwa koleo."

"Ukalitupa?"

"Nilitupe uwani nije nilikanyage? Nimeliweka juu ya ukuta wa uwani, jua lilichome. Na ukwaju wote nimemwaga, tunakunywa maji leo."

Ummukulthum alipanda kigoda. Lilikuwako, kati ya vibanio vya nguo. Ubavu mmoja ulikuwa umechubuka, mwekundu, kama goti la mtoto aliyeanguka. Ubavu wa pili bado kijani. Alitaka kulifuta kwa kanga, mkono ukaenda, akaurudisha. Akaliokota kwa kipande cha karatasi.

*

"Ummu!" Sauti ya chumba cha mbele. "Nasikia kopo langu."

Aliingia. Mzee Ubwa alikuwa amekaa kitandani, mkono keshaunyosha. Hangeweza kukataa. Akamwekea sarafu moja kiganjani.

Kidole gumba kikapita mara moja. Kikarudi. Mzee akaigeuza, akapitisha tena, akainusa.

"Nipe nyingine."

Akampa.

"Hizi si zangu," alisema. "Wamekubadilishia."

"Baba..."

"Zangu nazijua kuliko wanangu. Hii ilikuwa na kinundu hapa, karibu ya sikio. Hii ilikuwa inakwaruza. Wamekupa vibati, wamechukua vichwa vyangu! Nlijua. Redio inakwambia havinunuliwi, kumbe vinaibiwa." Alikuwa anatafuta bakora kwa mguu. "Mwite Rukaiya. Aniitie Sheha wa mtaa. Yule bibi wa makumbusho leo atalala kituoni."

"Baba, hajafanya kitu yule mtoto."

"Unamtetea nani?"

"Ni mimi." Ummukulthum alikaa chini sakafuni, palepale, na goti lake bovu. "Nimezisugua. Kwa ukwaju na majivu, pamoja na masinia. Nlitaka uso uonekane, baba. Nliona haya kuzipeleka chafu."

Mzee Ubwa aliacha kutafuta bakora. Nje mtu alipita na baiskeli, akasalimu dirishani, hakujibiwa.

"Miaka yote nimeambiwa muongo," alisema mwishowe. "Sikujali. Nlikuwa nazo." Akageukia ukutani. "Rudi ukamwambie yule mtoto. Asikae na lawama isiyo yake."

Ummukulthum alirudi makumbusho, jua la saa nane, na kopo la zile nane, na dude lake ndani ya karatasi. Alimweleza Shadya kila kitu amesimama, kama anasomewa hukumu. Shadya hakumgombeza. Aliingiza lile dude kwenye kikasha chenye vipakti vya chembe, vile vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu kunyonya unyevu, na zile nane kwenye kikasha cha pili. Akachukua daftari.

"Nahitaji kujua zimepitia nini, ndipo nijue nizitibu vipi. Ukwaju."

"Ukwaju."

"Muda gani?"

"Zile nane, kama nusu saa. Hizi mbili, tangu saa moja mpaka Rukaiya alipozitoa. Kasema saa nne."

"Majivu. Na chumvi? Chumvi ndiyo adui, bibi, inaingia ndani ya shaba ikapata unyevu wa hapa kwetu, ikaanza kuila kutoka ndani. Hukutia chumvi?"

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Ummukulthum alikitazama kiganja chake. "Hapana," alisema. Kwa nini alisema hivyo, mwenyewe hakujua. Labda aliona makosa aliyokwisha kuyataja yanatosha kwa siku moja.

*

Idi ilikuja. Nyumba ilinukia udi na tambi, masinia yakameta, wageni wakasema mashaallah, Ummukulthum hakuyatazama. Alikaa, akasimama, akapanga vikombe vilivyopangwa. Watoto wa mtaani walikuja kutaka sikukuu, na kila alipotia sarafu kwenye kiganja cha mtoto aliitazama isije kuwa na kijani. Mzee Ubwa alivaa kanzu yake akapokea mikono ya watu, lakini baada ya alasiri, wakati wa kopo lake, alikaa tu, kidole gumba kinasugua kidole cha shahada, hakuna kitu katikati.

Idi pili, sebule imejaa, simu ikalia.

"Bibi, Idi njema. Samahani, siku yenyewe si ya kazi, lakini nimepita kuzitazama. Zimeota unga wa kijani, zote nane, mbichi, kama poda. Sijapata kuona haraka namna hii. Nadhani kosa ni langu, chumba changu kina unyevu, au vile vikasha si vizuri. Nataka kuandika barua kwa mkubwa wangu niseme zimeharibikia mikononi mwangu. Nimeona nikwambie wewe kwanza."

Wageni wanane walikuwa wanamtazama, na Bi Salhiya, jirani mwenye masikio marefu kuliko ulimi, ameacha kaimati mdomoni.

"Usiandike," alisema Ummukulthum. "Chumvi. Nlitia chumvi, mwanangu, kiganja kizima. Nimekudanganya na saumu yangu, mara mbili."

Kutoka kitini kwake Mzee Ubwa aliinua uso. "Mama yako pia alikuwa anatia chumvi," alisema. "Na mimi nlikuwa nangoja useme."

Kisha Shadya akasema, na sauti yake imepata uhai, "Alhamdulillahi. Sasa najua. Tunaweza kuitoa. Tafuta maji yaliyotoneshwa, bibi, yale ya kuongezea kwenye betri za gari. Lita tano. Yaliyofungwa! Na si asidi, tafadhali!"

Anwarali, muuza vipuri wa Darajani, alifungua mlango wa duka nusu kwa ajili yake. "Maji ya betri, Bi Ummukulthum? Umenunua gari?"

"Gari iko wapi! Nnaosha wafalme."

"Wafalme wanataka yale ya kuongezea au yale ya kuunguzia?"

"Ya kuongezea. Hebu nisomee hapo kilichoandikwa, usinimalize."

Tangu siku hiyo alikwenda makumbusho kila asubuhi. Shadya alikuwa amempa kazi: kumwaga maji ya jana, kutia mapya, kutumbukiza kijiti cha kupimia chumvi na kuandika namba daftarini. Hakuna kusugua. Hilo ndilo lililomtesa. Vidole vilimtembea. Alikaa mbele ya vikombe vinane vya kioo, mikono ameikalia, na Shadya upande wa pili wa meza chini ya lenzi, akichokoa lile dude kwa sindano na kijiti cha mwanzi, chembe moja kwa wakati, siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Ummukulthum alikuwa hapumui kila sindano ikishuka. "Bibi, ukinitazama hivyo mkono unatetemeka." "Basi nnatazama dirishani." Akatazama dirishani kwa kitambo cha kumeza mate mara mbili.

Siku ya sita zikaachana. Nyuso mbili zilizokuwa zimetazamana tangu haijulikani lini zilikuwa zimelindana: kijani laini, kiza, kama jani la mchungwa. Ukwaju ulikuwa umekula migongo tu. Na katikati yao, mwembamba kama ganda la kitunguu, palikuwa na udongo mwekundu wenye chembe nyeupe.

Shadya alivuta daftari. Alilaza taa. Akaandika herufi moja moja: N, T, I, N, V, S.

"Konstantino, mfalme wa Warumi," alisema. "Au mmoja wa wanawe, walipeana majina. Miaka elfu moja na mia saba." Akaufunika udongo kwa kioo. "Sasa nataka kisima."

*

Shadya alikwenda Mkokotoni peke yake, akarudi Kikwajuni jioni na mifuko miwili ya plastiki ya udongo na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliingia chumba cha mbele, akampa Mzee Ubwa shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Ummukulthum alisimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi.

"Nimekipata, babu. Nimeuliza kisima cha Mzee Ubwa, hakuna anayekijua. Nikauliza kisima cha Ubwa Vichwa, watoto wote wakakimbilia kunionyesha."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu kabla ya Idi, cheko fupi, kavu.

"Nimelinganisha chini ya lenzi. Udongo ule ule mwekundu, chembe zile zile za jiwe la pwani, hata vikonokono vyeupe vilivyomo ni vya namna moja. Nani kazileta kisiwani, na lini, sijui, na sitaandika nisilolijua."

"Mimi sikusema nani kazileta," alisema Mzee Ubwa. "Nlisema nlizikuta."

"Ulizikuta, babu. Zimetoka ardhini. Naweka saini yangu."

Akamvalisha glavu nyembamba, kwa sababu jasho nalo lina chumvi, akamwekea kiganjani mojawapo ya zile mbili. Kidole gumba kikapita taratibu. Kikasimama.

"Sikio," alisema mzee. Kikaendelea. "Taji. Nlisema ana taji." Akamgeuzia Shadya uso. "Warumi, wale waliotajwa kwenye Kurani?"

"Hao hao, ila hizi za kabla."

Shadya alitoa kadi kwenye mkoba, akaisoma kwa sauti huku akiandika: sarafu kumi za shaba, zimetolewa kisimani, upande wa Mkokotoni, na Ubwa Ame, mchimba visima. Mbili zina udongo wake. Nane zimesafishwa kabla ya kuchunguzwa.

"Zimesafishwa na nani?" aliuliza Mzee Ubwa.

"Si lazima, babu."

"Mnaandika kila kilichofanywa, Ummu kaniambia. Andika. Ummukulthum binti Ubwa. Kwa ukwaju."

"Na majivu," alisema Ummukulthum kutoka mlangoni.

Kalamu ya Shadya ilingoja.

"Na chumvi, mwanangu," alisema. "Kiganja kimoja. Na kumbi la nazi."